Bomba Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiwandani nimesaga viti vibovu vya plastiki mpaka mashine ikachoka. Mimi sikuchoka. Wenzangu wananiita Profesa, na wakiniita wanacheka kwa furaha – si kila kiwanda kina profesa! Nani anaijua plastiki kama mimi? Mwaka ule wa mafuriko nilivuka mto nimekaa ndani ya beseni, kondoo wawili mapajani. Watu wakiuliza nasema watatu, maana mmoja alikuwa na mimba.

Jioni dada yangu mdogo kapiga simu. Kahamishwa kikazi, mbali huko. Mama anayeishi naye hataki kwenda, ila magoti yake yanataka kuoga maji ya moto, na kuinamia ndoo hawezi tena. Basi kasema: kaka, ukiweka maji ya moto bafuni kwako kabla ya Jumapili, Mama anabaki. La sivyo naondoka naye.

Mama yangu niwe namwona kwenye simu? Hata!

Jumatano, 5 Machi

Hita ya kuchemshia maji nimenunua. Limebaki bomba la kutoka kwenye hita, lipite koridoni, liingie bafuni. Muuza vifaa kaniletea la kijani, eti ndilo la maji ya moto. Nikamuuliza: plastiki yake namba ngapi?

Maana plastiki ina madaraja, watu hawajui tu. Geuza chombo, chini kuna pembetatu, ndani yake namba. Moja ni chupa za maji – zinang'aa, wa kwanza darasani. Mbili madumu. Tatu mabomba meupe na maganda ya nyaya za umeme. Nne mifuko laini. Tano viti vyetu vya kiwandani na vyombo vya kuwekea chakula. Sita yale meupe mepesi wanayofungia televisheni, yanayomeguka ukiyatazama vibaya. Saba ni waliobaki wote, hata jina hawakupewa.

Kumbe la kijani ni tano! Nikamwambia, ndugu yangu, mama mzazi aoge maji ya namba tano? Akaanza kunieleza habari za joto. Nikamkatisha. Nimechukua jeupe. Tatu bora.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kanimiminia chai ya moto kwenye chupa ya namba moja, kama nilivyomwagiza. Chupa ikajikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Feki! Siku hizi hata namba moja wanaghushi. Mke wangu akasema, "Au labda..." Nikamwambia asimalizie.

Jumamosi, 8 Machi

Bomba limekaa! Limenyooka kama msimamo wangu. Mpwa wangu, binti wa dada, kaja kukagua kwa niaba ya mama yake. Kalipapasa weee.

"Mjomba, hili si la maji baridi?"

"Tatu hiyo, mwanangu. Soma namba."

"Mjomba jamani! Zile namba ni za kujua aina, watu wachambue wakati wa kusaga. Si nafasi darasani."

Nikacheka mpaka naye akacheka. Kasoma, sawa, lakini kasaga viti vingapi? Akataka tuwashe hita tujaribu. Nikakataa. Itazinduliwa na Mama mwenyewe.

Akiwa mlangoni akasema, "Mimi ndiye ninayetaka Bibi abaki kuliko nyote. Ndiyo maana nauliza."

Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Jumapili, 9 Machi

Mama yumo bafuni. Mizigo yake imo kwenye gari la dada, hapo nje, injini inanguruma. Dada kakataa hata kukaa.

Maji ni moto hasa! Mama anaimba! Sijamsikia akiimba tangu Baba atutoke. Kasema kwa sauti magoti yananishukuru.

Bomba la koridoni limelegea kidogo. Limeshuka katikati, pole pole, kama mgeni anayejikalisha bila kukaribishwa. Nimelizuia kwa ufagio. Kwa hiyo naandika kwa mkono wa kulia, daftari limeegemea ukuta. Wa kushoto umeshika ufagio, ufagio umeshika bomba. Wangapi wanaweza?

Kwenye kiungo kunatoka mvuke. Kidogo.

Mpwa wangu kasimama kwenye swichi ya hita. Ananinong'oneza: Mjomba, nizime? Akizima, maji yatampolea Mama akiwa na sabuni mwilini, na injini ile bado inanguruma. Nimemtikisia kichwa: hapana.

"Mwanangu!" Mama anaita. "Mwambie dada yako ashushe mizigo, mimi siendi popote!"

Injini imezimwa. Nasikia mke wangu anapiga vigelegele nje. Begi la kwanza limefika sebuleni.

Bomba limeshuka tena. Tone limeniangukia begani – moto!

"Mjomba!"

Kidole chake kiko kwenye swichi. Nimemwambia asubiri nimalize sentensi