Mama Vipimo, Joto Limerudi na Bibi Hataki Kushuka

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako usimame pale ofisini, wanafunzi wakikusubiri darasani.

Miaka ishirini na mitatu ulifundisha chuoni namna ya kujenga nyumba zisizokula umeme na zisizompika mwenye nyumba. Watu wakisifia majengo mapya ya vioo, wewe ulisonya. "Hiyo ni oveni yenye lifti," ulisema, na Baba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Ulikuwa mpole, ila kwenye vipimo hukuwa na mchezo. Ulipita nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ya mabati, ukitundika vipimajoto vyako na kuuliza nani analala wapi. Mwanafunzi aliyetundika chake sebuleni ulimrudisha. "Sebule haiugui. Anayeugua ni mtu, kitundike anapolala." Ndipo wakakupachika jina la Mama Vipimo.

Sasa tuna la kukiri, na tunaona aibu. Kile kipimajoto ulichoweka chumbani kwa Bibi, kule juu chini ya paa, tulikihamishia kwenye korido ya chini. Alilalamika kwamba kijitaa chake kinamkodolea macho, tukasema yaishe. Kila siku tulisoma nyuzi ishirini na nane, tukaridhika. Sisi, watu wa nyumbani kwako.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, Baba alimkuta mama yako kitandani, ngozi kavu inawaka, anaongea na wewe kama umesimama mlangoni. Mle ndani zilikuwa nyuzi thelathini na tisa.

Alipona. Lakini tunaogopa, Mama. Daktari ametuambia wazi kwamba mara ya pili hatavumilia, na miezi ya joto ndiyo kwanza inaanza. Tumemwandalia chumba chako cha kazi, upande usiopigwa na jua. Hataki. "Chumba cha mwanangu hakikaliwi," anasema, kisha anafunga dirisha kwa kuogopa wezi. Tunapanda ngazi kwa zamu kwenda kusikiliza kama anapumua. Kukiwa kimya huko juu, hata asiye na zamu anapanda.

Juzi tulifungua daftari lako la mwisho. Umeandika: "Chumba cha Mama hakifai. Ahamie chini. Nitamwambia mwenyewe Jumapili." Ulifariki Alhamisi.

Tulimpelekea Bibi daftari, tukamsomea. Alishika ukurasa, akapapasa mwandiko wako kwa muda mrefu.

"Basi aje aniambie mwenyewe," akasema.

Unakumbukwa na mumeo, sisi binti zako wawili na kitinda mimba wako, kaka yako seremala, wanafunzi wako, na mama yako, ambaye hadi tunaandika haya bado yuko juu.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa.