Kadi za Rafu ya Tatu

Tarehe 9 Juni. Miaka miwili na miezi minne tangu niwaage.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je? Na mgongo wako, umepata nafuu? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Bado naosha vizimba vya panya pale maabara. Mzee fundi wa boila ananiita Mkwe wa Panya, eti mahari nimeshamaliza. Panya hao wanajaribiwa dawa ya ubongo. Daktari mkuu alinieleza kuwa ubongoni mna kitu kinaitwa glutamati, ambacho chembe hukitumia kupashiana habari. Kikizagaa kupita kiasi, huziua. Dawa yao inawaongezea nguvu wachukuzi wa humohumo ubongoni wakizoe upesi. Nikamwambia basi hao ni wafagizi wenzangu. Akacheka.

Kila kizimba kina kadi: nyekundu ni waliochomwa dawa, nyeupe ni waliochomwa maji ya chumvi. Kabla ya kuosha tunazitoa, tunazipanga mezani kwa mfuatano, kisha tunazirudisha.

Wiki iliyopita daktari alitangaza kwa furaha kuwa rafu ya tatu, wenye kadi nyekundu wote ni wazima, na wa nyeupe tisa wamekufa kwa kifafa. Jumatatu wanaanza kuwachoma watu. Wa kwanza kujiandikisha ni fundi wa boila. Mikono yake inalegea, hata spana haishikiki, na hospitali wamemwambia ugonjwa huo hauna tiba. Juzi alinishika bega akasema nikae mkao wa kula, akipona atanibeba mgongoni.

Dada, sindano zilipokwisha na kubaki kuwatazama panya tu, niliziangusha kadi za rafu ile kwa kiwiko. Zikatapakaa kwenye maji. Niliogopa kuitwa mzembe, nikazirudisha kwa kubahatisha: nyekundu zote upande mmoja, nyeupe zote upande wa pili, bila kukumbuka upi ulikuwa wa zipi. Huenda wale tisa ndio waliochomwa dawa.

Kesho asubuhi, kabla sijavaa gambuti, nitamweleza daktari. Kufukuzwa naona hakuna budi. Kinachonitetemesha ni fundi: tumaini alilonalo ni hilo tu, na nitakayelizima ni mimi.

Nisalimie nyumbani kote, na majirani wasioniulizia pia. Mama mwambie tu nimechoka.

Mkataba wangu ni hadi Desemba, lakini nitazamieni kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba