Chatu wa Ghalani na Vifundo vya Mama

Kisarawe, Ijumaa

Nilidhani leo nitamzika.

Chatu wangu alikuwa hajagusa panya tangu mwezi uliopita. Alijikunja tu kwenye kona ya ghala la mpunga, tumbo limemjaa. Ndiyo mara yake ya kwanza kutaga. Nimemlea tangu akiwa mwembamba kama mpini wa jembe, nikaogopa mayai yatamkwama afe.

Mama naye aliniudhi. Kutwa alinung'unika kwamba karani mzima wa boma analala ghalani kwa ajili ya nyoka. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga humo tangu nimlete chatu.

Alasiri mlango ukafunguka. Mama aliingia, akamtazama chatu.

"Ana uchungu huyu," alisema. "Na wewe umefunga kila kitu."

Akaanza kufungua kamba za magunia, moja baada ya nyingine, kama wanawake wafanyavyo mwenzao anapojifungua, ili mtoto asizuiwe na fundo lolote. Akafungua kufuli ya sanduku. Akafungua na fundo la kanga yake, alimofunga tambuu.

"Legeza mkanda wako."

Nikalegeza.

Mara yai likatoka, jeupe, kubwa kuliko la bata. Kisha jingine, na jingine, yakashikamana. Chatu akayazungushia mwili wake wote, akaweka kichwa juu. Mama akanishika mkono.

Sasa naandikia barazani. Mama amehamishia mkeka wake ghalani, kanitoa nje. Anasema kwenye uzazi hakukai mwanamume.