Mashine Iliyokwenda Kuzika

Palma, Tungue

Mdogo wangu Mussagy,

Asalaam aleikum. Kifua chako vipi, na shemeji, na watoto wa huko Mtwara? Sie wazima, alhamdulillahi, ila pengo la dada yetu Saquina halijazibika. Anayeandika ni shemeji yako Nafisa. Mie na kalamu hatujuani.

Nasikia wachuuzi wa samaki wamekuletea habari za maziko, ati mie Anli nimeingia kwa Rizuane kulia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Waongo wote! Hakuna anayejua kuisimulia hii. Sikiliza mwenyewe.

Rizuane unamjua, mjukuu wa Faquir, watani wetu. Tangu watu wa kampuni ya gesi waje, kaacha nyavu za babu yake, kafungua kibanda cha geimu. Vijana wamebanana humo kutwa, wametumbua macho kama changu wa sokoni. Wanafunga magoli kwa vidole gumba! Miguu imelala. Akifungwa mmoja, hali chakula cha mama yake. Vichwa wananyoa kama wale wa kwenye tivii, na majina wameyachukua. Sufo ukimwita Sufo haitiki tena. Ukiwauliza, ati wanajifundisha kazi. Kuna mtu kawadanganya kuwa mitambo ya gesi ya Afungi inaendeshwa kwa vitufe kama vile, mwenye gumba jepesi ndiye atakayepata emprego, ajira ya mshahara. Mpaka leo Afungi haijaita gumba la mtu.

Basi Saquina kafa alfajiri. Adhuhuri imepita, kaburi halijaguswa. Kuchimba ni kazi ya watani, na watani wako kwa Rizuane, wana mashindano! Sie wazee tukishika jembe, jembe linatushika sie. Nikaona dada yetu atalala ndani bila kuzikwa.

Nikaenda. Nikawaambia mmekimbia utani, basi leo naufanya mie mfiwa. Nikang'oa nyaya, nikajitwika ile mashine ya geimu mpaka makaburini. Kitu kikichukuliwa kwa utani msibani, nani anakasirika? Rizuane nyuma anapiga kelele, babu weye, ilikuwa nusu fainali! Nikawaambia, msipomchimbia Saquina, naizika hii.

Walichimba, Mussagy! Vile vidole gumba vilitoa malengelenge. Sufo kauliza jembe linashikwa upande gani. Jua halijazama, dada kalala pake. Kesho yake wamerudi kibandani, wajinga wale wale.

Nisalimie wote, wadogo kwa wakubwa, na kifua ukitunze.

Hapa Nafisa kaweka kalamu chini. Jina langu haandiki mpaka nikwambie ukweli. Haya. Kimoja tu nimekibuni: nyaya sikung'oa mie. Niliishia mlangoni. Nilitaka kuwatukana, nikataja jina la Saquina, machozi yakanitoka mbele ya tivii zao. Rizuane ndiye aliyechomoa nyaya, kanitwisha mashine kichwani, kanambia, twende babu, katufanyie utani.

Ni mie kaka yako,
Anli