Utepe wa Baba Katikati ya Yeremia

Shangazi Tannetje mpendwa, wewe unayejibu barua zetu gazetini, nisaidie, maana nyumbani kwangu chakula hakishuki. Mimi ni mkulima wa vitunguu hapa Zeeland, Uholanzi, na kama alivyofanya marehemu baba, kila jioni tukishamaliza viazi nasoma mezani sura moja ya Biblia, kwa mfuatano, bila kuruka hata orodha za majina, na baba alipofariki miaka sita iliyopita utepe wake wa kuonyesha alipofikia ulikuwa katikati ya Yeremia, basi nikaanza upya Mwanzo, nikafika penye utepe, mkono ukakataa kuusogeza, nikarudi Mwanzo, na sasa nimefika hapo mara ya tatu, na juzi binti yangu Neeltje, wa miaka kumi na saba, akaniuliza, "Baba, tunarudi tena kwa Adamu? Hivi unasoma, au unazunguka kama punda wa kinu?" nikafoka kwamba imani ya babu yake haichezewi, naye akasukuma sahani akasema, "Haya, kula na huyo babu," na tangu siku hiyo anakula chumbani kwake, nami naona mtoto ananiponyoka, lakini nikiusogeza ule utepe, si nitakuwa nimemzika baba mara ya pili?

Krijn, Walcheren

Pole, Krijn mwanangu. Baba ni baba, na msiba hauna tarehe ya kwisha. Lakini umeniudhi. Miaka sita, na mezani kwako Yesu hajazaliwa! Mchungaji wako anajua?

Baba yako naye alirithi Biblia hiyo, na kila jioni ulimwona akiusogeza utepe kwa mkono wake mwenyewe. Alikuachia msingi, mwanangu, na msingi hujengewa. Nani alale juu ya msingi mtupu, mvua inamnyeshea, ajisifu ana nyumba?

Tena acha kumwogopa Neeltje. Asiyejali haulizi. Huyo mtoto anataka kujua kinachofuata, nawe unamfokea!

Kesho, kabla viazi havijaiva, gonga mlango wake umwombe radhi. Ndiyo, wewe, mtu mzima na ndevu zako. Usimhubirie. Mpe Biblia mkononi, yeye ndiye asogeze utepe na yeye asome. Akiuliza usilolijua, sema hujui, kisha litafuteni pamoja. Kama ni machozi, lia hapo hapo mezani, hakuna atakayekucheka.

Leo tuko mwanzoni mwa Julai. Nimezihesabu sura zilizobaki: moja kila jioni, mtaingia Mathayo kabla ya Krismasi. Mwaka huu Yesu azaliwe mezani kwako, Krijn, na binti yako awe amekaa hapo.