Kabla Hujakatwa Tumbo

Minayo mjukuu wangu,

Keringet si ng'ambo. Watu wa huko wanaleta viazi hapa Nakuru asubuhi, na jioni wako kwao wamevua viatu. Wewe tangu Krismasi hujakanyaga hapa Bondeni, na sasa mahindi ya watu yamefika kiunoni. Mwalimu ana likizo, ana Jumamosi, ana miguu. Kama ni kazi, hakuna kazi inayomzuia mtu miezi sita asimsalimie nyanyake. Kama ni hasira, basi iseme tuimalize, maana hasira ikikaa sana inaharibika kama maziwa yaliyosahauliwa.

Najua ni hasira. Najua pia nilikosa wapi. Siku ile ya Krismasi ulipoingia, nyumba imejaa watu, nilisema kaunso ya mji ilipojenga nyumba hizi iliweka milango ya watu, haikuweka ya lori. Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, ndiyo maana sikushtuka. Ulikula, ukaosha vyombo vyote, kisha ukaniaga kwa mkono. Anayeniaga kwa mkono ni karani wa chifu, si wewe. Nilipaswa kuelewa hapo hapo.

Nisamehe. Nimesema mara moja, na ninamaanisha mara zote.

Barua hii ananiandikia Felista wa kanisani, mtu ambaye maneno yakiingia kwake hayatoki. Mimi unajua kalamu sikuwahi kuishika. Felista amejaribu kulainisha hapa na pale, nikamwambia aandike nilivyosema au aniachie karatasi yangu.

Mama yako ameniambia. Usimgombeze, tangu utoto wake siri haikai kwake, hata ukimfunga mdomo kwa kamba ya mbuzi. Amesema sukari imekushika, magoti yanakuuma ukisimama darasani, na daktari amekueleza habari ya kukatwa tumbo ili upunguze mwili. Amesema umepewa aina tatu za kuchagua na unatakiwa kupeleka jibu mwisho wa mwezi ujao. Halafu akasema umeamua mtu yeyote wa Bondeni asijue, na zaidi ya wote, mimi. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu? Labda hukumbuki, ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa kazini kiwanda cha blanketi na surua ilikuwa imekumaliza, umebaki macho na magoti. Nilikuwa nakupeleka kliniki, wanakuning'iniza kwenye mizani kama kuku wa kuuzwa, halafu muuguzi anachora mstari kwenye kadi. Kusoma sijui, lakini mstari unaoshuka hauhitaji shule. Nilirudi nyumbani nikasaga karanga, nikakukorogea uji wa wimbi na maziwa, nikakaa mbele yako mpaka kikombe kikawa kitupu. Ukilia nilingoja umalize kulia, kisha tunaendelea.

Ulipopona hatukuacha. Nilikuwa nakwambia, "Maliza. Kwangu sahani hairudi na kitu." Ukawa mtoto wa kunyanyua sahani juu nione ilivyong'aa, na mimi nakupigia makofi. Ulipofika darasa la nne nilikuwa nakutembeza mlango kwa mlango watu waone mashavu. Wanawake walisema umetunzwa. Nililala vizuri sana miaka hiyo. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja mtoto ameshapona na mtu anaweza kupunguza upawa. Nami nisingemsikiliza.

Kwa hiyo mkono uliokujaza na mdomo uliokucheka ni wa mtu mmoja. Nimeliangalia jambo hilo mara nyingi na halibadiliki.

Sasa nikwambie la Jerida. Unamjua Jerida wa Milimani, binti wa marehemu kaka yangu, lakini hili hulijui, kwa sababu tulilificha. Nimemwomba ruhusa, amesema nikwambie lote.

Miaka minane iliyopita Jerida alipungua, watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ana ugonjwa. Yeye alisema amefunga, anaomba. Tukaamini, kwa maana ni mtu wa maombi. Basi siku moja akaja kunisalimia. Babu yako alikuwa hajamaliza mwaka tangu tumzike, na Jerida ndiye aliyenishika mkono mazishi yote. Nikachinja jogoo. Nikapika ugali. Na firigisi nikamwekea yeye. Unajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye unataka ajue ni mkubwa. Mwenye nyumba alikuwa ameondoka. Nikaona ni ya Jerida.

Aliiangalia sana ile sahani. Akasema, "Shangazi, nimekula kwangu."

Nikamwambia, "Kwa mjane mtu anakataa chakula akiwa na neno."

Unaelewa nilichosema. Nilimwambia kwamba asipokula, nitajua anadhani nimeweka kitu. Baada ya maneno kama hayo, mtu wa kwetu anakula. Alikula. Firigisi nzima na ugali juu yake, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Hata maji nilimpa ateremshie.

Haikuchukua muda. Alishika kifua, jasho likamtoka kama anayelima, akakimbia nje, akawa anatapika mapovu na chakula hakitoki. Majirani wakajaa. Nikaona mmoja anaingia ndani kuchungulia sufuria yangu. Minayo, nimezika mume na watoto wawili, lakini siku hiyo niliposimama pale mlangoni watu wakinitazama hivyo, nilijua uzee unaweza kukugeuza mchawi kabla ugali haujapoa.

Hospitalini daktari, msichana mdogo mwenye miwani, akamuuliza alifanyiwa oparesheni lini. Jerida akafumba macho. Akasema ana wiki sita. Hapo ndipo nilipojua alikatwa tumbo. Daktari akauliza ni nani aliyempa nyama ngumu, nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Alisema wiki hizo mtu anakula laini, kama mtoto anayeanzishwa kula, kijiko baada ya kijiko, na maji hayaendi pamoja na chakula. Wakampitishia mpira mwembamba wenye taa kooni, wakaitoa firigisi yangu. Alipona.

Mimi nilikasirika wiki nzima. Halafu nikavaa viatu, nikawa namsindikiza kila kliniki, mwaka mzima. Jerida alikuwa anaona haya kuuliza, mimi sina haya, nikawa ninauliza. Yule daktari alinizoea, nikiingia anasema, "Mama, leo una mangapi?" Kwa hiyo ninayokwambia sikuyaokota sokoni. Lakini wewe si Jerida, na daktari wako ndiye anayejua mwili wako. Mpelekee haya kama maswali.

Kuna puto. Linapitishwa mdomoni mpaka tumboni, hakuna kisu, unashiba haraka, na baada ya miezi kadhaa wanalitoa. Likitoka, njaa inarudi kukaa mahali pake. Kulikuwa na mama wa Njoro tuliyekaa naye benchi moja. Alipungua na puto, likatolewa, kabla ya mwaka akawa vile alivyokuwa. Hakufanya kosa lolote kubwa. Alirudi tu kula kama watu.

Kuna kupunguza tumbo. Wanakata sehemu kubwa wanatupa, linabaki jembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi, uelewe hilo vizuri. Hiyo ndiyo aliyofanyiwa Jerida. Kiungulia kilimwanza baada ya hapo na mpaka leo analalia mito miwili.

Ya tatu wanageuza njia. Tumbo linaachiwa kijifuko kama yai, kinaungwa na utumbo huko chini, chakula kinapita njia ya mkato. Daktari alisema hiyo kwa sukari mara nyingi ina nguvu zaidi, na wewe una sukari, basi uliza. Lakini mwili nao hauokoti vyote vilivyo kwenye chakula. Vidonge vya damu, vya mifupa, vitamini, ni vya maisha yote. Na ukinywa chai yenye sukari kama ninayokunywa mimi, unaweza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, unatafuta choo. Hata aliyepunguzwa tumbo tu hakwepi vidonge wala kupimwa damu. Wote wameoa hospitali.

Watu wanaonyesha picha za mwaka wa kwanza. Mimi nimeona minane. Mwaka wa kwanza Jerida aliyeyuka. Nywele zikamtoka, zikarudi. Ngozi ya mikono ikaning'inia, akaniambia amekonda lakini amebaki amevaa gunia. Dawa za presha zikapunguzwa, za sukari akaachishwa kabisa, akaanza kupanda Milimani kwa miguu kutoka mjini bila kusimama kushika ukuta. Mwaka wa nne akachoka na vidonge, akaviacha. Miguu ikaanza kumchoma kama sindano, damu ikapungua, akaanza upya kwa adabu. Mwaka wa tano mwili ukarudi kidogo. Kumbe nyama na ugali vinakataa kupita kwa wingi, lakini keki, biskuti na soda havina shida, vinateleza. Hakurudi alikokuwa. Lakini hakubaki alikofika. Sukari pia imeanza kuchungulia, ingawa haijafika ilikokuwa.

Na hili nalisema kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia wazi. Daktari alisema mwanamke akikatwa asishike mimba mwaka mmoja, hata mwaka na nusu. Una miaka thelathini na nne na ninajua unataka mtoto, ingawa umeacha kulitaja. Tena alisema mwili ukipungua wengine hushika mimba kwa urahisi. Yote mawili ni kweli. Yaweke mezani uyaangalie pamoja, wewe na huyo mwanamume wako.

Nilimuuliza Jerida wiki iliyopita kama angekubali tena. Nilidhani atajibu mara moja. Kwanza alimaliza kuhesabu vidonge vyake vya siku. Halafu akasema, "Ningefanya tena, Shangazi. Lakini singejificha tena."

Sasa mimi. Sikukatazi na sikutumi. Ukienda kwa kisu, nitakaa nje ya mlango wa thieta na mfuko wangu. Ukisema unajaribu kwanza kwa chakula na miguu na dawa za daktari, nitakubali pia. Aliyekatwa na asiyekatwa, akirudi nyumbani kwangu ni Minayo.

Kinachoniogopesha si kisu. Kisu kinashikwa na mtu aliyesoma. Naogopa nyumba zetu. Utatoka hospitalini na tumbo la mtoto mchanga, uende matanga, mtu akuwekee bakuli la wali lenye mlima. Utaenda kwa wazazi wa wanafunzi wako huko Keringet wakupe mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, na ugali, kwa upendo, wasimame wakuangalie. Utaenda harusini. Na kwa sababu umeificha, hutakuwa na la kusema, utakula ili mtu asiumie. Jerida alikaribia kufa kwa heshima aliyonipa mimi. Hakuna daktari anayeshona desturi hiyo ya kulazimishana. Ni sisi wa kuiacha, na mimi nimeanza kuiacha katika uzee wangu, ingawa mdomo bado unataka kusema, "Ongeza."

Nakukumbuka. Hilo silisemi ili kukuvuta, ni habari tu. Nikisikia mtu anacheka kwenye ploti yetu hapa nje nageuka kuona kama ni wewe, halafu si wewe, naendelea kuchambua mboga.

Jumamosi hii njoo. Usibebe mkate, usibebe sukari. Kutakuwa na watu, maana nimewaita makusudi. Ukiingia salimia, kisha kabla hujakaa useme kwa sauti, mbele ya wote, unachoweza kula na kiasi gani. Usieleze sababu. Atakayekucheka atatoka nje na sahani yake mkononi, hata akiwa mchungaji. Mimi nitapakua ulichosema, niweke upawa chini, nikae.

Nyanya yako,
Kukhu