Siku Baba Alipolazwa Kwenye Kitanda cha Mtakatifu

Ngazi Kuu, karibu na kanisa,
Castelmoro, Liguria.
20 Februari 1968

Mpendwa Shangazi Ersilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Rosario ng'ambo ya bahari, wewe na wajukuu, na kwamba lile goti lako limetulia. Huko mna joto, najua. Huku mvua zimetutesa, ila milozi ya upande wa baharini imeshachanua. Sisi sote hatujambo, na nikisema sote, Baba yumo. Shika hilo kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mwezi uliopita tulikaribia kumpoteza kaka yako.

Ilikuwa asubuhi, tumetoka kumaliza mavuno ya zeituni. Baba alikuwa ghalani anakunja nyavu, mara nikasikia kishindo. Nilimkuta ameketi sakafuni, mkono kifuani, uso umekuwa wa majivu. Muuguzi wetu, Norina, alikuja mbio, akamsikiliza moyo, kisha akanivuta kando. "Tecla, afike hospitali sasa hivi. Na asipige hata hatua moja."

Ngazi zetu unazijua, Shangazi. Gari halijawahi kufika huku juu, na machela ya zahanati ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine, haijarudi. Kumbeba mgongoni Norina alikataa katakata. Nikasimama mlangoni nalia, sijui nishike lipi.

Ni Padri Ubaldo aliyepaza sauti: "Mshusheni Roko!"

Majirani waliokwisha kukusanyika wakamkodolea macho.

"Mtakatifu Roko! Mwekeni chini, mumlaze Gerolamo kwenye kitanda chake. Kidonda chake cha mguuni amekaa nacho miaka mingi, atavumilia na leo."

Basi wakakileta kile kitanda cha miti tunachobebea sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano, wakatandika godoro langu juu yake. Wabebaji wakaja jinsi walivyo: mwoka mikate na unga wake, kinyozi na aproni yake. Wa mwisho kutokea alikuwa Prospero Grillo.

Ndiyo, Prospero yule yule. Yeye na Baba hawajasalimiana tangu ugomvi wa ukuta wa mpakani, wakati mimi bado sijaolewa. Hata kanisani kila mmoja ana upande wake.

"Sogea," alimwambia mwoka mikate. "Mbele nakaa mimi."

Baba akafumbua jicho moja. "Si huyu. Huyu ataniangusha."

"Nikikuangusha wewe, nitabaki kugombana na nani?" Prospero akajibu, akainamisha bega chini ya mti wa kitanda.

Tukaanza kuteremka. Norina alisema Baba asiachwe asinzie, na kazi hiyo Prospero aliifanya kwa raha zake. "Gerolamo! Usilale! Ukuta wako umepinda!" Na Baba, kwa sauti ya kukatika: "Yamepinda macho yako." Mimi nilishika mkono wa Baba, ulikuwa baridi kama jiwe la kisima, lakini kila alipotukanwa niliusikia ukinibana kidogo.

Kina mama madirishani waliona kitanda cha mtakatifu na mtu kafunikwa blanketi, wakaanza kupiga ishara ya msalaba. Zita akapiga yowe: "Maskini, Gerolamo katutoka!"

"Bado, Zita!" Baba akasema. "Funga dirisha lako!"

Tulipofika kwenye ule upinde wa mawe, mahali panapoteleza, mguu wa Prospero uliponyoka. Alianguka goti moja, nikasikia mfupa ukigonga jiwe. Shangazi, nilifumba macho. Nilipoyafumbua, bega lake lilikuwa pale pale, limeubeba mti, na Baba hajatikisika. Akainuka. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kiatu, naye akaendelea kutukana.

Langoni chini tulilikuta lori la samaki, likatupeleka mjini. Daktari hakunificha: tungechelewa kidogo, mimi leo nisingekuandikia barua, ningekuletea telegramu.

Sasa Baba yuko nyumbani. Anakula, anasema, analalamika. Ngazi ya kupandia miti amekatazwa. Juma lililopita nikasikia msumeno kwenye mizeituni yetu. Kuchungulia, ni Prospero juu ya mti, kapanda na goti lake lile bovu, na Baba chini kwenye kiti, koti begani.

"Unakata kama unamnyoa kondoo!"

"Basi panda wewe, bwana mkubwa!"

Saa ya chakula nilimwomba Prospero abaki. Nilikuwa na supu ya maharage na mafuta mapya ya mwaka huu. Baba hakusema asante, unamjua. Alichukua mkate, akaumega, na kipande cha kwanza akampa Prospero mkononi. Prospero akakitazama kwanza, kisha akala. Nikajifanya natafuta chumvi, maana machozi yalikuwa yananishinda.

Ukuta bado upo, na bado kila mmoja anadai ni wake.

Nisalimie binti yako Nélida na watoto wake wote, na Amadeo mgeni wetu wa mwaka juzi. Norina na Padri Ubaldo wanakusalimu. Mungu akulinde, akuongezee siku kama alivyomwongezea kaka yako. Yeye anakuagiza uje Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko isikupite. Amesema nikuandikie kama alivyotamka: "Mwambie dada yangu aje wakati nipo wa kumpokea. Asingoje kuja kunizika."

Njoo, Shangazi.

Binti wa kaka yako, anayekupenda na kukungoja,
Tecla